Je, wajua kwa nini mji wa Pawtucket ulipoteza timu yake ya besiboli?

Kwa aliyelelewa na kandanda, ni jambo la ajabu. Timu inapendwa na mji mzima kwa miaka hamsini, halafu inafungasha virago na kuhamia jimbo jingine. Ndivyo ilivyowafika watu wa Pawtucket, mji wenye wakazi kama 75,000 huko Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani.

Besiboli ya Marekani haina kupanda wala kushuka daraja. Timu ya ligi ndogo, hata ikitwaa ubingwa kila mwaka, ligi kuu itaisikia tu. Kazi yake ni kuwapika wachezaji wa klabu kubwa, mfumo uliojengwa na Branch Rickey, kiongozi wa klabu kubwa ya St. Louis Cardinals, miaka ya 1920. Klabu kubwa ndiyo inayolipa mishahara, na humwita mchezaji imtakapo, hata katikati ya msimu. Mwenye timu ndogo hula kwenye tiketi, vyakula na matangazo. Uwanja, mara nyingi, ni wa mji. Yaani mji una viti, timu ni ya watu wengine.

Pawtucket iliujua ukweli huo mapema. Mwaka 1946 ilipata timu iliyoitwa Slaters, kwa heshima ya Samuel Slater, aliyejenga hapo kinu cha kusokota pamba mwaka 1793. Ilipofika 1949 ikafa pamoja na ligi yake. Timu ndogo ya klabu ya Cleveland ikaja 1966, ikakaa misimu miwili. Boston Red Sox, klabu ya ligi kuu, walileta yao 1970, nayo kufikia 1977 ilikuwa imefilisika. Aliyeiokoa ni Ben Mondor, tajiri wa viwanda vya nguo, ambaye aliuza tiketi kwa bei ya familia za wafanyakazi. Mwaka 2005 watazamaji walipita 680,000, mara tisa ya wakazi wa mji!

Uwanja wao, McCoy, ulikuwa na kasoro tamu: wachezaji walikaa chini ya majukwaa, wasionekane na walio juu yao. Basi watoto walikata madumu ya maziwa, wakatia mpira na kalamu ndani, wakayashusha kwa kamba. Mchezo huo waliuita kuvua saini, kama mtu avuavyo samaki.

Hapo ndipo ilipochezwa mechi ndefu kuliko zote katika besiboli ya kulipwa. Kwa kawaida mechi ni awamu tisa, kila timu ikipiga mpira kwa zamu, ila sare haikubaliki: awamu huongezwa mpaka mmoja ashinde. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1981, dhidi ya timu ya Rochester, awamu zilifika 32. Baridi ilikuwa kali hata wachezaji wakachoma magongo yaliyovunjika wapate joto. Waliposimamishwa, saa kumi na dakika saba alfajiri ya Pasaka, jukwaani walibaki watu 19. Mechi ilimaliziwa Juni 23, wakati ligi kuu ilikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo waandishi wakamiminika. Dakika 18 zikatosha: Pawtucket 3, Rochester 2. Wade Boggs na Cal Ripken Jr., magwiji wa baadaye, walikuwa uwanjani, kila mmoja upande wake.

Mondor alifariki 2010. Wamiliki wapya, walioinunua timu 2015, walitaka uwanja mpya wenye mkono wa serikali, kwanza Providence, mji mkuu wa Rhode Island, kisha Pawtucket kwenyewe. Wanasiasa wa Rhode Island wakavutana. Worcester, mji wa Massachusetts wenye watu zaidi ya 200,000, haukusita, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba timu inakwenda huko.

Msimu wa kuagana ungekuwa 2020, lakini korona iliufuta wote. Mechi ya mwisho haikuchezwa. Badala yake klabu ilipanga meza uwanjani, na watu wa Pawtucket wakaja jioni kula chakula pale pale Boggs alipokesha akicheza.