Ethogramu: punda hacheki

Keti Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, uwatazame punda wakipita na mizigo ya mchanga. Mmoja, dume, ananusa mkojo chini, anainua kichwa, anakunja mdomo wa juu mpaka meno yote nje. Mtoto aliye kando yako atapiga kelele: "Punda anacheka!" Mhadhiri wa tabia za wanyama ataandika tu: kichwa juu, mdomo wa juu umekunjwa.

Orodha ya vitendo vya mnyama, kila kimoja kikiwa na jina lake na maelezo ya kile ambacho jicho linakiona, ndiyo ethogramu. Hutayarishwa kabla hesabu yoyote haijaanza. Mtafiti hushinda akitazama, hukusanya vitendo, kisha huviwekea mipaka. "Kusimama" ni nini? Miguu yote minne iko chini na haendi. Je, akisimama huku anatafuna? Hapo wanafunzi hubishana, na ubishi huo una faida, kwani wawili wanaomtazama punda mmoja wakiandika mambo mawili, takwimu zao ni bure.

Sharti lake kubwa: nia ya mnyama haiingii. "Amekasirika" halimo, "masikio yamelala nyuma" limo. Sisi husema asante ya punda ni mateke, na methali ni tamu, ila ethogramu haijui shukrani wala utovu wake. Inajua "ametupa teke la nyuma", na labda nani alikuwa huko nyuma, mahali ambapo punda haoni vizuri.

Sababu hutafutwa baadaye. Kile "kicheko", kwa mfano, huipeleka harufu kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa, na kwa harufu hiyo dume hujua kama jike yuko tayari kupandwa.

Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, alichambua njia za kuandika vitendo hivi. Mojawapo ni kuchagua mnyama mmoja na kumfuata kwa muda uliopangwa, hata wengine wafanye nini. Kusema ni rahisi. Punda wawili wakianza kuumana kichochoroni, macho yote hukimbilia huko, na wewe wako yuko kivulini, daftari linajaa: amesimama, amesimama, amesimama.