Carrick-on-Suir kwenye indeksi sio kijiji cha babu yako

Jamani hili la wilaya ya usajili limenichosha. Kila anayekuja kutafuta ukoo wake wa Ireland, wengi siku hizi wanataka paspoti kupitia babu au bibi aliyezaliwa kule, ananitumia skrinishoti ya indeksi, ile orodha ya majina ya waliosajiliwa: jina la babu, mwaka 1879, Carrick-on-Suir. Na hapo ameshaamua babu ni mtu wa mjini, kaunti ya Tipperary, wengine wameshakata mpaka tiketi ya ndege.

Sio hivyo! Lile ni jina la wilaya alikosajiliwa mtoto, sio alikozaliwa. Wilaya zile zilifuata mipaka ya yunioni, yaani maeneo ya kusaidia maskini, zilizotokana na sheria ya 1838, kila moja imezunguka mji wenye soko na nyumba ya maskini, na mipaka yake haikujali kaunti hata kidogo. Ya Carrick-on-Suir iliingia Tipperary, Waterford na Kilkenny, kwahiyo babu anaweza kuwa mtu wa Waterford kabisa, ukoo wote uko ng'ambo ya mto na wewe unahangaika na makaburi ya upande huu.

Achana na indeksi, fungua picha ya ukurasa wenyewe wa sajili. Iko bure IrishGenealogy.ie, vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Chini ya tarehe ya kuzaliwa kuna jina la mahali, hilo ndilo unalolitafuta. Alafu nenda kwa mtoa taarifa, watu wanamruka sijui kwanini, mi huwa naanzia hapo. Mara nyingi sio baba, ni mwanamke aliyekuwepo mama akijifungua, kaweka alama ya X sababu hajui kuandika, na pembeni yameandikwa makazi yake. Akiwa ni bibi mzaa mama na mtoto kazaliwa kwake, basi umeshapata na kwao mama bila kutafuta cheti cha ndoa.

Sasa mwingine atasema hilo jina la mahali halipo Google kwahiyo karani alikosea. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine mashamba tu, na tahajia zilizopo leo zilipangwa na wapima ramani wa Ordnance Survey kati ya 1824 na 1846, wakati karani wa usajili aliandika alivyosikia mdomoni mwa yule mama. Lisome kwa sauti, jaribu tahajia tatu nne kwenye Logainm.ie, tovuti ya majina ya mahali ya Ireland, na hakikisha parokia maana jina kama Kilmore liko kaunti kibao. Alafu ukikuta King's County ndio Offaly ya leo, Queen's County ni Laois, Queenstown ni Cobh.

"Kila kitu kiliungua 1922." Hapana, hapana. Moto wa Four Courts, majengo ya mahakama pale Dublin yaliyokuwa na hifadhi ya kumbukumbu, ulikula wosia na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, hiyo kweli inauma. Lakini sajili za serikali hazikuwa mle, vizazi na vifo vipo tangu 1864, ndoa za wasio Wakatoliki tangu 1845. Vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki vilikuwa parokiani, na Maktaba ya Taifa imeviweka mtandaoni tangu 2015. Sensa za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ndio iliziharibu, ila za 1901 na 1911 zipo zote na ni bure.

"Sisi ni O'Sullivan, huyu Sullivan sio wetu." Ni wenu. Ile O iliachwa na kurudishwa hovyo hovyo, ndugu wawili wa tumbo moja unawakuta wameandikwa tofauti.

Na tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti msiiapie. Kuchelewa kusajili kulikuwa na faini, wazazi wakaisogeza mbele, ndio maana unakuta mtoto kabatizwa kabla hajazaliwa, hapo fuata ubatizo. Umri wa wazee ndio kabisa: pensheni ya wenye miaka 70 ilianza 1909, watu wakajiongezea miaka ili waipate, mtu alikuwa na 56 kwenye sensa ya 1901, ile ya 1911 ameshafika 71.