Alipouliza mtoto: Mungu ni mtoto wa nani?

Jumatatu iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, mtoto wa miaka saba aliinua kichwa kwenye juzuu yake akaniuliza: "Mwalimu, Mungu ni mtoto wa nani?" Wakubwa waliokuwa nyuma yake wakamtolea macho, mmoja akamfinya. Mtoto hakuwa na ubaya. Hapa Wete, kisiwani Pemba, ukitumwa dukani huulizwa hilo kabla hujasema ulichotumwa: mtoto wa nani wewe? Ukitaja baba utaulizwa babu, na ukifika kwa babu mwenye duka atasema, "Aa, basi wewe jamaa yetu," na pengine akuongeze peremende. Jina la Mungu mtoto yule kalisikia kila siku tangu azaliwe, sasa akataka kumjua kwa njia ile ile anayojulia watu wote.

Nilimwita akae karibu yangu. Mimi nilipouliza mfano wa swali hilo nikiwa na umri wake nilichapwa bakora mbili, nikakaa miaka mingi naogopa hata kuliwaza. Leo ndiyo kazi yangu: nasomesha tauhidi, yaani elimu ya kumjua Mungu na upweke wake, watoto jioni na kina mama Jumamosi, na katika maswali yote ninayoulizwa hili ndilo ninalolipenda zaidi. Tena si geni. Washirikina wa Makka walimwendea Mtume (S.A.W.) na jambo hilo hilo, wakamwambia: tutajie nasaba ya Mola wako. Habari hiyo ameipokea Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa sahaba Ubayy bin Kaab. Waarabu wale walikuwa watu wa fulani bin fulani, mtu hana uzito mpaka ajulikane kwao. Jibu likashuka kwa aya nne, sura ya 112, ambayo tunaiita Kulhuwallahu na tunaikimbilia kwenye sala kwa kuwa ni fupi.

*Hakuzaa wala hakuzaliwa.* Ile kamba ya ukoo, ukiivuta juu haifiki kwake, na kwake haianzi kushuka. Msikilize vizuri mtoto anapouliza, utaona anadhani ukoo wa Mungu upo ila sisi hatujafundishwa. Hapo ndipo pa kumshika mkono.

Aya ya kwanza ina neno *ahad*. Kiarabu kina *wahid*, ambalo ndilo la kuhesabia: mmoja, wawili, watatu. *Ahad* hapa halifuatwi na wa pili. Sisi tunasema "Mungu mmoja", na moja yetu mara zote ina mbili inayoisubiri nyuma, ndiyo maana naona "wa pekee" limekaa vizuri zaidi. Na madhali tumo kwenye lugha, Kiswahili kimetupa wepesi mmoja mkubwa: "yeye" yetu haisemi mume wala mke, kwa hiyo mtoto wa Kiswahili haanzi na picha ya mwanamume kichwani kwa sababu tu ya sarufi. Lakini "mungu" sisi tunaweza kulitia katika wingi, tukasema miungu, likaenda ngeli moja na miti na mikono. Neno "Allah" halina wingi.

Aya ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. *Allahu s-Samad.* Wafasiri wetu wawili wakubwa waliotoka Unguja, Sheikh Abdulla Saleh Farsy na Sheikh Ali Muhsin Barwani, wote walilitafsiri kwa kukusudiwa: Yeye ndiye wa kukusudiwa. Maana hiyo imepokewa tangu kwa sahaba Ibn Abbas, kwamba Samad ni bwana ambaye watu humwendea na haja zao. Ipo na maana ya pili, imepokewa kwa wafasiri wa mwanzo kama Mujahid, nayo haisemwi sana katika vyuo vyetu vya Qurani: Samad ni asiye na uwazi ndani.

Siku ile palikuwa na nazi kando ya mkeka, mzazi wa mwanafunzi mmoja kaniletea. Nikaichukua, nikaitikisa kwenye sikio la mtoto.

"Unasikia nini?"

"Maji."

"Mbona yanalia?"

Akafikiri. "Kwa sababu mna nafasi."

Nikamwambia, sisi sote ni hivyo. Ndani yetu mna nafasi, na inalia. Njaa ni nafasi. Usingizi ni nafasi. Kutaka mtoto wa kukurithi ni nafasi, na kuogopa kufa nayo nafasi. Kila mwenye nafasi ndani lazima atoke akatafute cha kuijaza. Mungu hana nafasi ya namna yoyote, hali wala hanywi, halali, hapungukiwi, na kwa hivyo hatoki kwenda kwa yeyote, wote wanakwenda kwake. Hapo maana mbili za Samad zinakutana. Qurani inapotaka kuonesha kwamba Nabii Isa na mama yake Bibi Mariam, juu ya utukufu wao, ni waja, inasema maneno machache katika sura ya 5, aya ya 75: walikuwa wakila chakula. Imetosha. Anayekula ana nafasi.

Mtoto akajigonga kifua kwa vidole, akatega sikio.

Halafu likaja swali la mkubwa wake, yule aliyemfinya: "Basi nani kamuumba Mungu?" Hili nalo Mtume (S.A.W.) alilitabiri. Alisema watu hawataacha kuulizana mpaka waseme: Mungu kaumba viumbe, na Mungu kaumbwa na nani? Katika mapokezi ya Abu Daud akafundisha kwamba likifika hapo tuseme Allahu ahad, Allahu s-samad, mpaka mwisho wa sura, kisha tujilinde kwa Mungu na shetani. Wengi huona hiyo ni amri ya kufunga mdomo. Mimi naiona kuwa ni jibu kamili, ukiisoma sura kwa maana yake.

Fikiria madeni ya kabla ya msimu wa karafuu. Hamadi anadaiwa na mwenye duka, anasema nitakulipa nikilipwa na Juma. Juma anasema nitakulipa nikilipwa na Omari. Omari naye anamsubiri mwengine. Ukiirefusha safu hiyo ikazunguka Pemba nzima, na kila mmoja ndani yake hana chake ila cha kungojea kwa mwenziwe, mwenye duka hatapata hata shilingi moja, leo wala mwakani. Urefu wa safu haumsaidii. Mwenye duka akiona pesa mkononi, basi ajue kuna mtu mahali ambaye pesa ni zake, hakumngoja yeyote. Kuwepo kwetu sisi ni kwa kukopa. Mimi nilikuwa sipo, na kupo siku sitakuwapo. Lakini hii hapa karafuu, hii bahari, hawa watoto juu ya mkeka, wote wapo, pesa imeshafika mkononi. Kuuliza nani kamkopesha mwenye mali yake ni kutolielewa neno "yake".

Wanavyuoni wa Kiashaari, yaani wanaofuata njia ya Imamu Ashaari katika itikadi, ambao ndio masheikh wa madhehebu ya Shafi wa visiwa hivi wamewafuata, wanaliita jambo hili kusimama kwa nafsi yake. Ni ya tano katika zile sifa ishirini za Mungu alizozipanga Imamu Sanusi wa Tlemcen katika karne ya 15, ambazo wengi wetu tulizighani utotoni: wujudi (kuwepo), kidamu (kutokuwa na mwanzo), bakaa (kutokuwa na mwisho), na kuendelea. Tulizighani vizuri sana. Maana tuliambiwa tutaijua tukiwa wakubwa, na wengine tumekuwa wakubwa hatukuambiwa. Hilo linaniuma.

Ya nne katika hizo ni kutofanana na viumbe, na hapa pana jambo la kwetu khasa. Unguja na Pemba zina Mashafi na zina Maibadhi, madhehebu mawili ya Kiislamu. Enzi za Usultani walikuwapo makadhi wa pande zote mbili. Wote wanaisoma aya ya 11 ya sura ya 42: hakuna chochote mfano wake, naye ni Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Wote wanakubali kwamba kusikia kwake si kwa sikio. Wanaachana kwenye suali la kumuona Akhera. Mashafi wanasema waumini watamuona, bila ya namna, kwa kuwa sura ya 75 inataja nyuso zitakazong'ara zikimwangalia Mola wao. Maibadhi wanasema haonekani duniani wala Akhera, kwa kuwa sura ya 6 inasema macho hayamfikii, na kule kuangalia wanakufasiri kuwa ni kungojea rehema zake. Mimi nimesomeshwa upande wa kwanza na ndio ninaousomesha. Lakini nawaomba wanafunzi wangu waone kitu kimoja: kila upande unaogopa jambo zuri kuliogopa. Mmoja anaogopa kuikanusha aya, mwengine anaogopa kumshabihisha Mola na kiumbe.

Kule Kizimkazi Dimbani, ukuta wa kibla wa msikiti una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mihrabu yake haina sanamu wala picha. Karne tisa na zaidi watu wamesimama wakaelekea pahala patupu, na hakuna aliyedhani anausujudia ukuta. Kukusudiwa ndiko huko.

Ndiyo maana moyo wangu unasikitika ninapoona mtu ametoka kwenye sala yake akapeleka ubani na kitambaa chekundu mzimuni. Simwiti jina baya. Ana mgonjwa nyumbani, nafasi yake inalia. Lakini amekwenda kwa nazi nyengine.

Mabishano ya tawasuli, yaani kumuomba Mungu kwa kupitia watu wema, na ya maulidi siyaingii leo, yana pahala pake.

Kina mama Jumamosi waliniuliza kwa nini sura fupi hivi ikaambiwa ni sawa na thuluthi ya Qurani, kama ilivyo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Baadhi ya wanavyuoni wamesema Qurani ni hukumu, habari na kumjua Mungu, na hii sura imebeba hilo la tatu peke yake. Watoto wangu wao walikuwa na mashindano ya kuisoma kwa pumzi moja. Nimewaambia waache. Bibi Ummu Salama, mke wa Mtume, amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) akisoma alikuwa akikata aya moja moja. Basi sasa wakifika *Samad* wanasimama, wanavuta pumzi, ndipo wanaendelea.