Kiromania: Lugha Iliyopewa Herufi na Jina na Watawala

Wengi wanaouliza kuhusu Kiromania hudhani kwamba herufi za Kikirili zililetwa na Warusi. Sivyo. Waromania wenyewe walizitumia kwa zaidi ya miaka 300. Maandishi ya kale zaidi ya lugha hiyo yenye tarehe inayojulikana ni barua ya mwaka 1521, nayo imeandikwa kwa Kikirili. Mwandishi wake, Neacșu wa Câmpulung, alikuwa akimtahadharisha Johannes Benkner, mkuu wa mji wa Brașov, kuhusu nyendo za jeshi la Waturuki na mashua zilizokuwa zikipanda mto Danube. Salamu za barua ni za Kislavoni, lugha ya kanisa na ya ofisi wakati huo. Habari yenyewe, ile isiyoweza kungoja, ni Kiromania kitupu.

Baadaye kila eneo la Waromania lilipata bwana wake. Transylvania ilikuwa chini ya wafalme wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, na ni wasomi wa huko, Samuil Micu na Gheorghe Șincai, waliochapisha sarufi mjini Vienna mwaka 1780 wakitumia herufi za Kilatini, ili ionekane wazi kwamba lugha yao ina asili ya Roma. Wallachia na Moldavia, maeneo mengine mawili ya Waromania, zilipewa na Sultani wa Waturuki watawala kutoka koo za Kigiriki za Istanbul, na Kigiriki kikatawala elimu ya juu hadi Gheorghe Lazăr alipoanza kufundisha kwa Kiromania mjini Bucharest mwaka 1818. Miaka ya 1860 serikali ya huko ikahamia rasmi kwenye herufi za Kilatini.

Bessarabia, sehemu ya mashariki ya Moldavia ambayo leo kwa kiasi kikubwa ni nchi ya Moldova, haikuwamo katika mabadiliko hayo. Urusi ilikuwa imeitwaa mwaka 1812, na lugha ya wenyeji ikaondolewa shuleni hatua kwa hatua. Mwaka 1918 eneo hilo liliungana na Romania, lakini ng'ambo ya mto Dniester Wasovieti walianzisha jamhuri yao ya Moldavia mwaka 1924. Huko watu waliandika kwa Kikirili, wakaamriwa Kilatini mwaka 1932, kisha wakarudishwa kwenye Kikirili mwaka 1938. Mtoto aliyeanza shule mwaka 1931 alijifunza kuandika lugha ya mama yake, akaanza upya, halafu akaanza upya tena.

Bessarabia ilipochukuliwa na Wasovieti mwaka 1940, lugha ilipewa jina la Kimoldova na kutangazwa kuwa si Kiromania. Kwa maoni yangu, hapa ndipo hila ilipokuwa: lugha haikupigwa marufuku, bali ilitenganishwa na vitabu vyake. Mtu wa Chișinău, upande wa Wasovieti, na mtu wa Iași, upande wa Romania, walielewana bila mkalimani, ila gazeti la mmoja lilimshinda mwenzake kusoma.

Tarehe 31 Agosti 1989, baada ya maandamano makubwa, bunge la Moldova lilirudisha herufi za Kilatini. Suala la jina lilichukua muda zaidi. Katiba ya 1994 iliandika Kimoldova, Mahakama ya Katiba ikaamua mwaka 2013 kwamba ni Kiromania, na bunge likarekebisha maandishi mwaka 2023. Transnistria, ukanda wa ng'ambo ya Dniester uliojitenga na Moldova kwa msaada wa Urusi, bado inashikilia Kikirili. Mwaka 2004 mamlaka za huko zilifunga kwa nguvu shule zilizofundisha kwa herufi za Kilatini. Wazazi na wanafunzi walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo mwaka 2012 iliona kuwa Urusi ilivunja haki yao ya elimu.