Barua za Darwin na Hooker kuhusu pensheni ya Wallace

Ukisoma barua za wanasayansi wa Uingereza wa karne ya 19, utashangaa walivyosengenyana. Hadharani walisifiana, kwenye barua ya faragha, ulimi hauna mfupa. Mfano mzuri ni Alfred Russel Wallace.

Wallace aligundua wazo la uteuzi asilia (kwamba viumbe wanaofaa zaidi mazingira yao ndio wanaosalia na kuzaana) mwenyewe, bila kumtegemea Darwin, akiwa kwenye visiwa vya Malay, na mwaka 1858 akamtumia Charles Darwin insha yake. Miaka 20 baadaye alikuwa hana kazi ya kudumu, fedha zake zimepotea kwenye uwekezaji mbovu, naye anajikimu kwa kuandika na kusahihisha mitihani. Desemba 1879, baada ya kudokezwa hali hiyo na rafiki yao Arabella Buckley, Darwin alimwuliza Joseph Hooker, mkurugenzi wa bustani za mimea za Kew, London, kama serikali inaweza kuombwa impe pensheni.

Hooker alijibu kwa ukali: Wallace amejishushia hadhi vibaya. Kwanza, anaamini mazungumzo na roho za wafu, na anaitangaza imani hiyo. Pili, alicheza kamari na mwendawazimu kuhusu umbo la dunia, akatia pesa mfukoni.

Hilo la pili linahitaji maelezo. Mwaka 1870 John Hampden, aliyeshikilia kwamba dunia ni bapa, aliweka dau la pauni 500. Wallace alikwenda kwenye mfereji ulionyooka kwa maili 6, akaweka alama tatu kwa kimo kimoja juu ya maji. Kwenye darubini, alama ya katikati ilionekana juu kuliko ile ya mbali, maana maji yamepinda. Mwamuzi akampa ushindi. Hampden hakukubali, alimwandama kwa matusi miaka mingi, hata mkewe akaandikiwa. Zaidi ya hayo, mwaka 1876 mahakama iliamua Hampden arudishiwe dau lake. Kwa hiyo Hooker alipoandika juu ya pesa mfukoni, habari yake ilikuwa imepitwa na wakati kwa miaka mitatu. Ndivyo uvumi ulivyo, hata kwa wasomi.

Darwin aliliacha jambo hilo. Mwishoni mwa 1880 Wallace akatoa kitabu Island Life, akamtunukia Hooker. Hooker alikisifu sana, na safari hii akaunga mkono ombi. (Kama ni ubora wa kitabu au ni kule kutunukiwa, msomaji aamue.) Darwin alisaidiwa na mwanabiolojia Thomas Huxley kuandaa ombi, wakasaini watu 12, likapelekwa kwa Waziri Mkuu Gladstone. Januari 1881 Wallace alipewa pauni 200 kwa mwaka, akazipokea hadi kifo chake mwaka 1913.

Anayenukuu barua ya Desemba 1879 peke yake atamwonyesha Hooker kama adui wa Wallace. Barua za Darwin zinasomwa bure kwenye intaneti, zimepangwa kwa tarehe. Ukipata moja yenye maneno makali, soma pia iliyotangulia na zilizofuata.