Jacques Tati Hakutengeneza Filamu Bubu, Jamani

Nimeulizwa tena: “Wewe fundi sauti, kutwa unamsifia Tati wa nini wakati filamu zake ni bubu?” Safari hii naandika kabisa, mwingine akiuliza nimtumie kiungo niendelee na kazi.

Filamu bubu zilishazikwa zamani Tati, mchekeshaji na mwongozaji filamu Mfaransa, alipotoa filamu yake Jour de fête mwaka 1949. Ni kweli alianzia kwenye majukwaa ya burudani akiigiza wanamichezo kwa mwili mtupu. Ni kweli pia kwamba Hulot, mhusika anayemcheza mwenyewe, haongei sana. Sasa mtu asipoongea ndiyo hakuna sauti? Hapo ndipo mnaponichosha.

Tati alipiga picha kwanza, sauti karibu zote akazitengeneza baadaye studio. Kwa hiyo kila kishindo cha kiatu unachokisikia kimechaguliwa, na usichokisikia kimeachwa makusudi. Chukua kituo cha treni mwanzoni mwa Les Vacances de Monsieur Hulot (1953). Kipaza sauti kinakoroma, halishikiki hata neno moja, abiria wanakimbizana kutoka jukwaa hili hadi lile. Zima sauti uone: watu wanakimbia ovyo tu, kicheko kimekwisha. Kuna na ule mlango wa chumba cha kulia hotelini, unaolia kama uzi wa gitaa kila mhudumu akipita. Mlango tu, lakini una nafasi kuliko wageni kadhaa.

Mon Oncle (1958) ilimpa Oscar. Playtime (1967), na mji wa kioo aliojijengea wa kupigia picha, ikamfilisi. Hayo mnayajua. Nendeni kwenye ukumbi mrefu wa ofisi ndani ya Playtime. Hulot anamsubiri bwana Giffard, ofisa aliyekuja kumwona. Nyayo zinasikika, ko, ko, ko, Hulot anainuka, bawabu anamwashiria akae kwanza. Macho yanasema mtu yuko mbali, masikio yanasema anakuja. Nyayo haziishi! Kisha vile viti vyeusi vinavyopumua ukivikalia. Maneno karibu hakuna, na sauti ndiyo inayoendesha kila kitu. Mtafsiri wa kibanda umiza hapa angeharibu: akifungua mdomo tu, kaziba kichekesho.

Kuna mawili yananisumbua. Les Vacances tunayoitazama leo mara nyingi si ile ya 1953. Tati aliirudia, akagusa sauti na muziki, na mwaka 1978 akaongeza hata picha mpya. Ninaposifia “sauti ya 1953”, huenda namsifia mzee wa miaka sabini aliyekuwa akijisahihisha. La pili ni yale mazungumzo yanayosikika nusunusu. Siku nyingine naona ni ustadi. Siku nyingine naona mwandishi aliyekwepa kuandika mazungumzo.

Ila bubu, hapana. Na acheni kuzitazama kwa spika ya simu, halafu mnakuja kuniambia hamkusikia kitu.