Kiota bandia hakituambii ndege wamefaulu kuzaa kwa kiasi gani

Mtafiti husuka kiota cha nyasi, akakifunga kichakani, akatia mayai ya kware na moja la udongo wa kufinyangia. Baada ya wiki mbili hivi hurudi kuhesabu yaliyoliwa. Njia hii imetufunza mengi, ila majibu yake husomwa vibaya mno.

Dhana: Mayai yakisalimika, ndege wa hapo wanazaa vizuri.

Ndege amefaulu pale makinda yanaporuka kutoka kiotani. Kiota bandia hakina mama wa kuatamia, kuficha mayai chini ya manyoya yake au kumfukuza kunguru. Hakina pia makinda yanayolilia chakula, wala wazazi wanaokwenda na kurudi na kuwaonesha maadui njia. Kinachopimwa ni hatari inayolikabili yai lisilo na mlinzi. Mara nyingi viota bandia huvamiwa zaidi kuliko vya kweli, lakini si kila mahali, kwa hiyo huwezi kupunguza asilimia fulani ukapata jibu sahihi.

Dhana: Wanaokula mayai ya kware ndio wanaokula ya ndege wa porini.

Kosa hili ndilo linalonisumbua zaidi. Nyoka wengi hufuata nyendo za wazazi na makinda, hivyo huvipita viota visivyo na uhai. Panya mdogo hushindwa kulipasua yai la kware, na kiota kikaandikwa kuwa salama. Yai la udongo hunasa alama za meno na midomo, jambo zuri, lakini harufu yake yenyewe huweza kuwavuta panya. Penye nyoka wengi, mtafiti asiyetega kamera kwenye viota halisi anaweza kumlaumu mnyama asiye na hatia.

Dhana: Basi viota bandia havina faida.

Vinayo, katika kulinganisha. Mwaka 1985 David Wilcove wa Marekani alionesha kwamba mayai huliwa zaidi katika vipande vidogo vya msitu kuliko katika msitu mkubwa. Kwenye msitu mkubwa wa Great Smoky Mountains ni takriban 2% tu ya viota vyake vilivyovamiwa. Ulinganisho wa namna hii una nguvu iwapo wala-mayai wa pande zote mbili wanafanana.

Dhana: Masanduku ya viota, yale yanayotundikwa ili ndege watage ndani yake, ni sawa na viota bandia.

Sanduku hukaliwa na ndege halisi. Huko kwenye msitu wa Wytham, Uingereza, masanduku hayo hufuatiliwa tangu 1947. Lakini mara nyingi sanduku ni salama kuliko tundu la mti, kwa hiyo matokeo yake hayawasemei ndege wanaotaga matunduni.

Dhana: Kwa viota halisi, gawanya tu vilivyofaulu kwa vilivyoonekana.

Vinavyoharibiwa mapema huwa havionekani kabisa, na hesabu hupanda isivyo haki. Mwaka 1961 mtafiti wa ndege Harold Mayfield alipendekeza kuhesabu siku ambazo kila kiota kilifuatiliwa, ili kupata uwezekano wa kunusurika kwa siku moja. Uwezekano huo ukiwa 96%, unasikika mkubwa. Kwa siku 25 mfululizo, ni takriban viota 36 tu kati ya 100 vitakavyofika mwisho.